Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo: laptopu zetu zinaibwa kwa sababu hatuna pa kuziacha

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mshauri wa Wanafunzi, Mkutubi Mkuu, Mkuu wa Kitengo cha Ulinzi na Mkurugenzi wa TEHAMA.

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nawaandikia hadharani kwa sababu malalamiko tuliyoyapitisha kwa viongozi wa madarasa yamekuwa yakijibiwa kwa tangazo lilelile: wanafunzi mnakumbushwa kulinda mali zenu, chuo hakitahusika na upotevu wowote. Tangazo hilo limebandikwa mlangoni mwa maktaba, kwenye mbao za matangazo za hosteli, na hata ukutani mwa chumba cha walinzi, pale pale mwanafunzi anapokwenda kutoa taarifa huku machozi yakimlengalenga. Naomba leo tuliweke kando tuzungumze.

Ninalotaka kusema ni moja. Wizi wa laptopu hapa chuoni hautokani na uzembe wa wanafunzi. Unatokana na jinsi chuo kilivyopangwa: mwanafunzi hana mahali pa kuiacha mashine yake kwa dakika kumi bila kuihatarisha, na anayeichukua hana mahali atakapoulizwa swali. Mambo hayo mawili yako ndani ya uwezo wenu.

Ni chuo kinachotutaka tuwe na laptopu. Kazi za darasani tunazipakia kwenye mfumo, majaribio tunafanya mtandaoni, masomo tunasajili humo humo, na tasnifu haipokelewi ikiwa imeandikwa kwa mkono. Anayekosa laptopu anasubiri zamu kwenye maabara ya kompyuta, ambayo hufungwa jioni, wakati ambao wengi wetu ndio kwanza tunaanza kusoma. Haiwezekani laptopu iwe nyenzo ya masomo wakati wa kutumika, halafu iwe mali binafsi siku ikiibwa.

Mwaka 1979 wanasosholojia wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walieleza jambo ambalo watu wa ulinzi wanalijua vizuri. Ili wizi utokee, vitu vitatu sharti vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu kinachofaa kuibwa, na kukosekana kwa mwangalizi. Nia ya mtu hatuwezi kuiondoa. Laptopu yenye kilo moja na nusu, inayoingia kwapani na kuuzika siku hiyohiyo, ni kitu kinachofaa kuibwa kuliko karibu chochote kingine mwanafunzi anachomiliki. Hapo kinachobaki mikononi mwa chuo ni mwangalizi, na mwangalizi si lazima awe mtu. Kufuli ni mwangalizi, na daftari la mali ni mwangalizi pia.

Twende maktaba, kwa sababu huko ndiko mambo yanakoonekana wazi. Mwanafunzi amekaa meza ya dirishani tangu asubuhi. Amefungua makala kadhaa, rasimu yake iko kwenye kioo, chaja imechomekwa kwenye soketi ya ukutani, na soketi hiyo ameipata kwa kuwahi. Mara anabanwa na haja. Akikusanya kila kitu aende navyo msalani, atarudi akute kiti kimekaliwa na soketi imechukuliwa. Akimwomba jirani amwangalizie, jirani mwenyewe hamjui. Akitoka mbio bila kusema na mtu, anajipa moyo kwamba dakika tatu hazina neno. Wengi wetu hutoka mbio, na mwizi anajua hivyo.

Mwizi huyo hahitaji kisu wala ufunguo bandia. Anakaa kiti cha jirani, anasubiri, anafunga kifuniko cha laptopu, anachomoa chaja na kuuzungusha waya mkononi polepole kama mwenye mali, kisha anatoka kwa mlango mkuu. Kanuni yenu ya kuacha mabegi nje, iliyowekwa ili kulinda vitabu, imefanya laptopu iliyobebwa kwapani kuwa kitu cha kawaida kabisa mlangoni, maana sote tunaingia na kutoka hivyohivyo. Kitabu kikitolewa bila kuazimwa, geti la maktaba linapiga kelele na mhudumu anainuka. Laptopu yenye tasnifu ya miaka minne inapita pale pale na geti liko kimya. Na mabegi yenyewe tunayoyaacha nje yanakaa kwenye rafu zilizo wazi zisizo na mhudumu wala namba, kwa hiyo chaja na diski za nje nazo zinaondoka kivyake.

Kuhusu kumwomba jirani, kuna utafiti ambao ningependa Mkutubi Mkuu aufikirie. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Thomas Moriarty alichapisha majaribio, mojawapo likiwa limefanyika ufukweni New York. Mtu alitandika vitu vyake karibu na mtu asiyemfahamu, akawasha redio, kisha akaondoka. Baadaye mwenzake alikuja akijifanya mwizi na kuibeba ile redio. Katika mara 20 ambazo mwenye redio aliondoka bila kumwomba jirani amwangalizie, ni majirani 4 tu waliojaribu kumzuia mwizi. Katika mara 20 ambazo aliomba, 19 waliinuka. Ufuko ulikuwa uleule, na redio ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni ombi dogo ambalo lilimpa mtu wajibu.

Kadi ndogo juu ya kila meza, inayosema "Ukiondoka, mwombe jirani akuangalizie, ukiombwa, kubali", haigharimu kitu, na itaondoa ile aibu tunayoisikia tukimsemesha mtu anayesoma. Lakini sitaki mkomee hapo. Jirani naye ana kipindi, ana njaa, ana simu inayoita. Na mara mojamoja jirani ndiye mwizi.

Kinachohitajika ni chuma. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 laptopu nyingi zimetengenezwa zikiwa na tundu dogo ubavuni, la milimita 3 kwa 7, lililobuniwa na kampuni ya Kensington. Ndani yake huingia kichwa cha kufuli kilichoshikana na waya wa chuma uliosukwa. Waya huo ukiufunga kwenye kitu kisichoondoka, laptopu inabaki hapo ilipo. Baadhi yetu tumenunua waya hizo kwa fedha zetu. Tatizo ni hicho kitu kisichoondoka. Meza za chumba cha kusomea zina miguu minyoofu isiyo na kiungo chochote chini. Ukiuzungusha waya kwenye mguu, mtu anainua meza upande mmoja, anausukuma waya kwa kidole cha kiatu, na unatoka. Nimesimama pale nikijaribu meza moja baada ya nyingine, na sikupata hata moja iliyoweza kushika.

Ombi langu la kwanza, na ambalo ningelichagua kama mngeniambia fedha inatosha jambo moja tu, ni hili: pete ya chuma iliyokazwa kwa bolti na nati chini ya kila meza ya maktaba na ya vyumba vya kujisomea, na waya zenye kufuli zinazoazimwa kaunta kwa kitambulisho, kama tunavyoazima vitabu vya kusomea humo ndani. Karakana ya chuo ina mafundi wanaoweza kazi hiyo wakati wa likizo. Wala si kazi ya kutafutiwa mzabuni.

Najua udhaifu wake, na afadhali niuseme mimi kabla hamjausema ninyi. Laptopu nyembamba nyingi za siku hizi hazina tundu hilo, MacBook Air kwa mfano haijawahi kuwa nalo, na nyingine zina tundu dogo zaidi linalohitaji kufuli ya aina yake. Na waya wowote hukatika kwa mkasi wa chuma. Lakini wizi wa maktabani ni wizi wa dakika moja, wa mtu anayetegemea kuonekana kama mwenyewe, na mtu anayekata waya wa chuma katikati ya watu wanaosoma hawezi kuonekana kama mwenyewe. Kwa wenye mashine zisizo na tundu, yahitajika makabati madogo yenye kufuli karibu na kaunta, penye macho ya wahudumu, yanayotumika kwa saa na si kwa muhula mzima, maana yakitolewa kwa muhula yatajaa wiki ya kwanza na kubaki na nguo za michezo. Wekeni soketi ndani ya baadhi yake, na matundu ya hewa, kwa sababu betri ya lithiamu inayochajiwa ndani ya sanduku lisilopumua si ya kuchezea.

Upande wa hosteli sitakaa sana, kwa sababu mengi yanajulikana na yamesemwa. Vitasa havibadilishwi mwanafunzi akihama, ilhali huenda alishachongesha nakala za ufunguo. Madirisha ya ghorofa ya chini yana vioo bila nondo. Milango mikuu huachwa wazi, ikizuiwa na tofali, siku za kuhamia na kuhama, wakati ambao mgeni yeyote mwenye sanduku mkononi huonekana mpangaji. Mtu akitaka kujua ni lini vyumba vyetu viko tupu, anasoma ratiba ya mitihani ambayo chuo chenyewe kimeibandika ukutani. Meneja wa hosteli anayajua haya yote. Anachokosa ni fungu.

Lakini kuna jambo moja la hosteli ambalo halisemwi vya kutosha. Laptopu ikipotea, wa kwanza kupekuliwa ni wafanya usafi. Nimemwona mama wa makamo akiambiwa amwage kila kilichomo kwenye mkoba wake mbele ya vijana wa umri wa wanawe, na hakuna aliyemwomba radhi baada ya kutokupatikana kitu. Hakukuwa na ushahidi wowote dhidi yake isipokuwa kwamba alikuwepo kazini. Chuo kisipoweka utaratibu wa kujua nani ameingia wapi na kifaa gani ni cha nani, tuhuma zitaendelea kuwaangukia wale wasio na wa kuwatetea. Ulinzi mzuri wa laptopu zetu ni ulinzi wa heshima yao pia.

Najua litakalopendekezwa kwanza kwenye kikao ni kamera. Sizipingi. Ila naomba zisimeze bajeti yote. Brandon Welsh na David Farrington walikusanya tathmini nyingi za kamera za ulinzi na kuchapisha matokeo mwaka 2009: kwa wastani uhalifu ulipungua kwa asilimia 16, na mafanikio makubwa yalikuwa kwenye maegesho ya magari, ambako ulipungua kwa asilimia 51. Maktaba si maegesho. Kwenye maegesho, anayevunja kioo cha gari anaonekana anavunja. Maktabani kamera inaona mtu anafunga laptopu na kuondoka, na watu mia wanafanya hivyo kila siku. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kamera iwekwe pale inapoweza kuona uso: mlangoni, kwa kimo cha mtu, na si kwenye pembe ya dari inakopiga picha za utosi.

Na hizo zilizopo zitumike. Kwa sasa picha hufutwa na mfumo wenyewe baada ya siku chache ili kutoa nafasi, huku mwanafunzi aliyeibiwa akiambiwa alete kwanza barua, kisha barua isubiri saini, na saini ikipatikana picha zimekwisha kufutika. Mwambieni mlinzi wa zamu awe na mamlaka ya kuihifadhi pembeni sehemu inayohusika mara tu taarifa inapotolewa. Kuitazama kunaweza kusubiri saini.

Kuna onyo jingine, kutoka Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Mwaka 2012 Daniel Nettle na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la kuweka mabango yenye picha ya macho makali kwenye maegesho ya baiskeli ya chuo hicho. Wizi wa baiskeli ulipungua kwa asilimia 62 palipowekwa mabango. Kwenye maegesho mengine ya chuo hichohicho yasiyokuwa na mabango, uliongezeka kwa asilimia 65. Inaelekea wezi walihama tu. Mkiifunga maktaba na kuziacha kumbi za mihadhara na hosteli kama zilivyo, msishangae takwimu zikihamia huko. Hata kama hatua zitakuwa ndogo, zianze kila mahali kwa pamoja.

Sasa nije kwenye geti, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo tunapopoteza zaidi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo. Liko getini: kubwa, kona zimekunjika, kalamu imefungwa kwa kamba. Anayeingia na laptopu anaandikisha jina, aina ya mashine na ile namba ya mfululizo iliyochapwa chini yake. Anayetoka anatakiwa kutafutwa humo. Namba hizo zina herufi na tarakimu zilizochanganyika, zimechapwa kwa maandishi madogo mno, na nyingi zimefifia. Mlinzi anaandika 8 penye B, 0 penye O, 5 penye S, na mvua ikinyesha anaandika jina tu. Jioni, watu wakiwa wamejipanga na magari yanasubiri, hakuna mtu duniani anayeweza kurudi kurasa nane nyuma kutafuta namba iliyoandikwa asubuhi na mlinzi wa zamu nyingine. Kwa hiyo anaangalia sura. Aliyevaa vizuri anapita. Mwenye kandambili anasimamishwa.

Daftari hilo lihamie kwenye usajili wa muhula. Siku ya usajili kila mwanafunzi anakuja na kitambulisho chake na bado yupo mbele ya kompyuta ya chuo. Huo ndio wakati wa kuingiza namba ya mashine yake, ikisomwa kutoka kwenye mashine yenyewe na si kwa macho, pamoja na picha. Mashine ipewe kibandiko kigumu chenye namba fupi, na chini ya kibandiko namba hiyo hiyo ichongwe kwenye plastiki au chuma. Getini, mlinzi anasoma kitambulisho kwa simu na kuona namba fupi ya kifaa. Ikifanana, mtu anapita. Itachukua sekunde chache, na itamtendea mwenye kandambili sawasawa na mwenye viatu vya ngozi. Chuo kina wataalamu wa programu kwenye idara yake ya kompyuta, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mradi wa kufanya.

Faida ya kuchonga namba haiishii getini. Ronald Clarke, mtaalamu wa kuzuia uhalifu, aliandika mwaka 1999 kuhusu vitu ambavyo wezi huvipenda zaidi, na moja ya sifa alizozitaja ni wepesi wa kukiuza. Laptopu yenye jina la chuo na namba iliyochongwa mgongoni ni ngumu kuuzwa kwa mtu mwenye akili timamu. Kibandiko kitabanduliwa, ni kweli, lakini mchoro ulio chini yake utabaki au utaacha kovu, na mnunuzi atauliza kovu hilo la nini.

Tahadhari moja kwa TEHAMA: orodha inayoonyesha nani ana mashine gani na analala chumba namba ngapi ni zawadi kwa mwizi. Namba ya chumba isiwemo kabisa. Mlinzi aone kifaa cha mtu aliyesimama mbele yake tu, si orodha nzima, na kila anayefungua rekodi aache alama ya kwamba ameifungua.

Laptopu ikishaibwa, saa za mwanzo ndizo zenye thamani, na sasa hivi tunazitumia kutafuta risiti. Fomu ya kitengo cha ulinzi inadai risiti ya manunuzi kabla ya chochote. Mwanafunzi aliyepewa laptopu na shangazi yake, au aliyenunua ya mkononi kutoka kwa aliyehitimu, hana risiti. Lakini zipo kumbukumbu zake za waifai ya chuo, ambazo ninyi mnazo. Kila laptopu inapojiunga na mtandao wenu kwa jina na nywila ya mwanafunzi, mfumo unaandika saa na kituo cha waifai kilichoipokea. Mashine iliyochukuliwa ikiwa imewashwa inaweza kuendelea kuonekana ikihama kutoka jengo hadi jengo. Mashine za kisasa zinaweza kubadilisha anwani zake za mtandao ili mtumiaji asifuatiliwe, kwa hiyo njia hii haifanyi kazi kila mara, lakini ikifanya kazi inafanya ndani ya saa ya kwanza. Tunaomba namba moja ya simu, inayopokelewa usiku na mchana, ambayo ikipigwa walinzi na mtu wa TEHAMA wanaarifiwa kwa pamoja. Risiti itakuja baadaye.

Na tusifundishwe kuwakimbiza wezi. Wapo wenzetu ambao laptopu zao zimewaonyesha kwenye ramani zilipo, wakajikusanya usiku kwenda kugonga mlango wa mtu wasiyemjua. Chuo kiwe na utaratibu wa kuipeleka taarifa hiyo polisi kwa barua na mtu wa kuisindikiza, ili vijana wasijaribu wenyewe.

Kitengo cha TEHAMA kinaweza kufanya jambo kubwa kwa gharama ya meza moja na wafanyakazi wawili, wiki ya kwanza ya kila muhula. Wanafunzi wengi wanaamini nywila ya kuingilia Windows inalinda kazi zao. Peke yake hailindi. Anayetoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine anasoma kila kitu, kuanzia picha za familia hadi majina ya watu waliohojiwa kwa siri kwenye utafiti. Kinacholinda ni kusimba diski nzima, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo wake: BitLocker kwenye matoleo ya Windows yaliyo nayo, FileVault kwenye Mac. Lakini anayewasha bila kuhifadhi ufunguo wa kurejesha mahali pengine anaweza kujifungia nje ya mashine yake mwenyewe, na ndiyo maana kazi hii inahitaji mtu wa kumwonyesha na si kipeperushi. Hapo hapo amwashie huduma ya kutafuta kifaa, ambayo isipowashwa kabla ya wizi haisaidii, na amwonyeshe jinsi ya kuweka nakala ya kazi zake kwenye hifadhi ya mtandaoni inayokuja na akaunti ya chuo. Niko mwaka wa mwisho, na bado ninakutana na wenzangu wasiojua kwamba hifadhi hiyo ipo.

Kwa sababu, waheshimiwa, mashine ni sehemu ndogo ya hasara. Rafiki yangu aliibiwa laptopu wiki mbili kabla ya kuwasilisha tasnifu. Familia yake ilichangishana ikampatia nyingine ndani ya mwezi. Data za miezi ya mahojiano hazikupatikana, na idara ilimwambia kanuni haina kipengele cha wizi: kuna ugonjwa, kuna msiba, basi. Alirudia mwaka. Tunaomba kipengele hicho kiongezwe. Mwanafunzi mwenye namba ya taarifa kutoka kitengo cha ulinzi apewe muda wa ziada bila kuzungushwa ofisi hadi ofisi, na aazimwe laptopu kutoka hazina ndogo ya chuo mpaka atakapopata yake. Mashine za maabara hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na badala ya kupigwa mnada zote, chache zingeweza kutengwa kwa kazi hiyo.

Msidhani haya yanatuhusu sisi peke yetu. Machi 2005, laptopu iliibwa kutoka ofisi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ndani yake kulikuwa na majina na namba za utambulisho za watu zaidi ya 98,000, na hazikuwa zimesimbwa. Laptopu za wahadhiri wetu zina alama zetu, mitihani ambayo haijafanyika na barua za afya za wanafunzi. Zinalala kwenye ofisi zenye vitasa vilevile.

Mwisho, takwimu. Hakuna mtu hapa anayejua ni laptopu ngapi zimeibwa mwaka uliopita, kwa sababu wengi waliacha kutoa taarifa baada ya kuona hazizai kitu. Marekani ina sheria, Clery Act ya mwaka 1990, inayovilazimisha vyuo kuchapisha takwimu za uhalifu kila mwaka, lakini hata hiyo wizi wa kawaida wa kitu kilichoachwa mezani hauhesabiwi. Wa kuvunja chumba ndio unaohesabiwa. Kwa hiyo msisubiri sheria. Chapisheni kila muhula idadi ya taarifa zilizopokelewa, jengo na saa, na ngapi zilipatikana. Miezi ya kwanza idadi itapanda, kwa sababu watu wataanza kuripoti. Naomba msiogope kupanda huko wala msimlaumu mkuu wa ulinzi kwa ajili yake.

Upande wetu tutafanya yetu. Klabu ya wanafunzi wa kompyuta iko tayari kukaa kwenye meza ya TEHAMA na kusaidia kusimba diski na kuchonga namba. Viongozi wa hosteli wako tayari kushika zamu kwenye milango siku za kuhama. Tumeshapima meza za chumba cha kusomea na kuchora mahali pete zinapoweza kukaa bila kuwagonga watu magoti, na mchoro huo tutaukabidhi kwa yeyote atakayeuhitaji.

Tunaomba kikao kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa, na tunaomba Mkutubi Mkuu awepo, kwa sababu meza ni zake. Na kabla ya kikao hicho, kama inawezekana wiki hii, mlinzi wa zamu aruhusiwe kupokea taarifa ya wizi bila risiti.

Wenu katika masomo,
Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho